Mkutano wa kichocho uliofanyika mara mbili

Kwenye mwalo ule wa wavuvi niliitwa "dada wa vikopo" kwa karibu miezi minane, na jina hilo halikuwa la kunisifu. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba nikigawa vikopo vya plastiki, nikiviandika namba kwa kalamu isiyofutika, nikivirudisha vimejaa mkojo ndani ya boksi la barafu hadi maabara mjini Mwanza. Bosi wangu, ambaye hapa nitamwita Mtafiti tu, alikuwa anachunguza kichocho kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kisa ninachokichambua ni cha siku mbili alizosimama mbele ya wanawake hao kuwaeleza alichokuwa anakitafuta ndani ya mkojo wao. Siku ya kwanza iliharibika. Ya pili ilikwenda, ingawa si kwa sababu tulizozipanga ofisini.

Naandika kwa ridhaa yake, na kijiji nakiacha bila jina. Inatosha kusema kiko upande wa Magu, kati ya barabara ya Musoma na Ghuba ya Speke.

Ziwa mbele, majaruba nyuma

Kijiji kina maji ya aina mbili. Mbele kuna ziwa: mwalo, mitumbwi ya dagaa, chanja chache na mchanga mwingi wa kuanikia. Nyuma, ukivuka barabara, kuna mbuga ya udongo mweusi inayojaa maji mvua zikikolea. Huko ndiko kwenye majaruba ya mpunga na malambo mawili ya kunyweshea ng'ombe. Wavuvi wengi hawafiki huko. Wake zao wanafika: alfajiri wako mwaloni wanapokea dagaa, na msimu wa kupandikiza mpunga wanashinda wameinama ndani ya maji ya magoti.

Ziwani anaishi konokono wa jenasi Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai hutoka na choo, na yale yasiyotoka mengi huishia kwenye ini. Kwenye malambo na majaruba yupo konokono mwingine, Bulinus, mwenye kichocho cha mkojo. Minyoo ya huyu hukaa kuzunguka kibofu, na kwa mwanamke mayai hayaishii kibofuni. Hukwama pia kwenye mlango wa kizazi, ukeni, hata kwenye mirija ya uzazi, na hapo huleta uchafu, maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, na kwa wengine mimba kutoshika.

Si ugunduzi wa jana. Mjerumani Theodor Bilharz alimwona mnyoo wenyewe Cairo mwaka 1851, na madhara yake kwenye uke yalielezwa na daktari huko huko Misri mwaka 1899. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha sehemu za uzazi. Lakini nenda na dalili hizo kwenye zahanati nyingi tu za Kanda ya Ziwa, utaandikiwa gonjwa la zinaa: vidonge vya wiki moja, na agizo kwamba ukirudi uje na mwenzio.

Agizo hilo la "uje na mwenzio" msomaji alishike, litarudi.

Jumanne, saa nne asubuhi

Saa ilipangwa na ofisi, ili gari liwe limerudi mjini kabla ya jioni. Hakuna aliyeuliza saa nne watu wa mwaloni wanafanya nini. Saa nne dagaa wa usiku wako mchangani, jua limeanza kushika, wanataka kugeuzwa, na yangeyange wanataka kufukuzwa. Wanawake waliokuja walikuwa kama thelathini na wote walikaa upande mmoja wa banda, ule unaoonesha ziwa, shingo zimegeuka nusu.

Tulipofika, mwenyekiti wa kijiji alimpa mkono dereva. "Karibu sana daktari." Dereva wetu ni mzee wa Kirumba, mjini Mwanza, ana mvi na tumbo la heshima, akapewa kiti chenye mto. Mimi na Mtafiti tukaendelea kushusha jenereta. Kabla hatujamaliza kufunga shuka la kuoneshea picha, dereva alikuwa ameshajibu maswali mawili. La kwanza: vile vidonge vikubwa vinalevya? Akasema vinalevya ukimeza bila kula, na hapo alipatia. La pili: kichocho unakipata kwa kukojoa pale alipokojoa mwenye nacho? Akasema naam, na hapo alikosea. Jibu hilo la pili lilitutesa kuliko swali lolote lililofuata, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyeketi kwenye kiti chenye mto.

Mtafiti aliongea dakika arobaini. Amekulia Tanga na Kiswahili chake kimenyooka kama rula, hakuna aliyeshindwa kukifuata. Nasisitiza hili kwa sababu ushauri wa kwanza ambao mtafiti yeyote hupewa kabla ya kukutana na wananchi ni "tumia lugha nyepesi", na yeye aliitumia. Ukiacha neno "serkaria", jina la kitaalamu la kijidudu kinachopenya ngozi, lililomponyoka mara tatu, sentensi zake zilieleweka zote. Mchoro ulizunguka vizuri: mtu, yai, konokono, kijidudu chenye mkia wa panda kinachoogelea na kupenya ngozi, kisha mtu tena. Kilichoharibika hakikuwa lugha.

Kwanza, picha. Kwenye shuka ilitokea picha ya mwanamume mwenye tumbo lililojaa maji, mishipa imesimama, mikono imekonda. Kitabibu ni picha sahihi: mayai yameliharibu ini kwa miaka, damu imekosa njia, maji yamejaa tumboni. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliiangalia, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Baadaye niliambiwa kaka yake alikufa hivyo, akitapika damu, na ukoo mzima ukagawanyika juu ya nani amemroga. Ule mgawanyiko bado upo. Sisi tukaja na shuka jeupe kumwambia, mbele ya watu, kwamba alikuwa mnyoo.

Pili, ushauri. "Kichocho kiko ziwani," Mtafiti alisema. "Tupunguze kuingia ziwani." Bibi mmoja, mchakataji wa dagaa tangu enzi za karabai, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, halafu tule nini?" Banda likacheka, na kicheko kile hakikuwa cha ubaya. Ila baada yake hakuna aliyeandika kitu.

Mtafiti alijua vizuri kwamba kwa hali aliyokuja kuieleza, hatari kubwa ya wanawake hawa iko nyuma, kwenye majaruba na malambo. Lilikuwa kwenye wasilisho lake. Usiku wa kuamkia Jumanne, tukiwa gesti, tulipunguza picha kutoka 24 hadi 11, na picha ya majaruba nilipendekeza mimi itoke. "Itawachanganya," nilimwambia. "Tuwape ujumbe mmoja." Ile ya sehemu za uzazi tukaipeleka mwisho, kwa sababu mwenyekiti, mtendaji na wavuvi kadhaa wangekuwepo na tulitaka kuwazoesha watu kwanza. Hatukuifikia. Kwenye picha ya tisa jua lilikuwa limepanda, dagaa wanakauka upande mmoja, na nusu ya banda ilisimama.

Basi ndivyo tulivyorahisisha: tulikata kile walichokihitaji, tukabaki na kile ambacho wasingeweza kukitekeleza.

Orodha

Kabla hawajatawanyika, mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote alinyoosha mkono. Nililiandika swali lake usiku ule ule. "Mlichukua mkojo wetu. Walioitwa, wana nini? Na sisi ambao hatukuitwa, tuna nini?"

Mtafiti akajibu kama alivyofundishwa: majibu ya mtu ni siri ya mtu.

"Siri gani, dada, na majina yalisomwa kwa kipaza sauti?"

Hapa lazima nijitaje. Wiki kadhaa baada ya kukusanya vikopo, waliokutwa na mayai kwenye mkojo walitakiwa waende zahanati wakameze dawa. Orodha niliiandika mimi. Namba za vikopo nikazigeuza kuwa majina, nikampa mjumbe ili awajulishe mmoja mmoja. Mjumbe, kwa nia njema na uvivu wa kawaida, alisimama mwaloni jioni wakati mitumbwi inajiandaa kutoka, akayasoma yote. "Wafuatao wenye tatizo la mkojo wafike zahanati kesho."

Tatizo la mkojo, kwa mwanamke mwenye mume, mbele ya mwalo mzima! Kijiji kilishajua ugonjwa wa sehemu hizo unaitwaje, kwa sababu zahanati ilishawafundisha kwa miaka kwamba ukiumwa huko unarudi na mwenzio. Mume mmoja alipakia nyavu akaenda kambi ya visiwani, akakaa mwezi mzima bila kutuma hata salamu. Wanawake wawili hawakwenda kumeza dawa kabisa, wakaona bora minyoo kuliko kuonekana kwenye foleni ile. Haya yote hatukuyajua sisi wa mjini. Kwenye ripoti yetu wale wawili waliandikwa "hawakupatikana".

Na wale ambao majina yao hayakusomwa walirudi nyumbani wakijiona wazima. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mkojo usio na mayai siku moja haumaanishi kwamba hakuna mayai kwenye mlango wa kizazi. Mwanamke anaweza kuwa nayo huko na kikopo chake kisioneshe kitu. Hatukuwaambia.

Fomu ya ridhaa ilikuwepo, imesainiwa au imewekwa dole gumba, ikiwa na kipengele cha usiri na kipengele cha kurudisha matokeo. Vibali vyote vilikuwepo. Sijui nimlaumu nani zaidi yangu, na nimeacha kutafuta.

Mtafiti alijibu kidogo siku ile kwa sababu ambayo mtu wa nje anaweza kuiita ubaridi. Kwenye karatasi yake kila sentensi ilikuwa imepitiwa na ofisi, naye hakutaka kutoka nje ya karatasi. Sikumshangaa. Watafiti wa rika lake wanaikumbuka Desemba ya 2016, Dkt. Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wakati ule, alipotangaza kwamba utafiti umekuta dalili za maambukizi ya virusi vya Zika kwa baadhi ya watu waliopimwa nchini. Serikali ikasema ugonjwa huo haupo Tanzania, naye akaondolewa kwenye nafasi yake siku zile zile. (Virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ng'ambo tu ya ziwa hili.) Baadaye Mwele alikwenda Geneva kuongoza idara ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, kichocho kikiwa mojawapo, hadi alipofariki Februari 2022. Jina lake hutajwa kwa heshima kwenye maabara zetu, hasa kwa miaka aliyoitoa kwenye vita dhidi ya matende na mabusha. Ila hutajwa pia kwa sauti ya chini, na mtafiti kijana akilisikia hushika karatasi yake vizuri zaidi.

Mbalamwezi

Mkutano wa pili uliandaliwa na mwenyekiti wa kikoba chao. Nilipompigia simu kuomba tarehe, hakunitajia tarehe. Alisema, "Njooni mbalamwezi." Dagaa wa ziwa hili huvuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mitumbwi inalala, mchanga unakuwa mtupu. Kila mwezi kuna siku hizo ambazo mwaloni hapana haraka, na kila mtu anayeishi pale anajua ni lini. Kalenda yetu ya mradi haikujua.

Tulikaa nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, alasiri. Jenereta, shuka na mwenyekiti wa kijiji havikuwepo. Dereva aliombwa akae na gari, akakubali kwa roho nyeupe. Nesi wa zahanati alikuwepo, na huyo tulibishana sana kumleta. Mimi niliona atawafunga midomo wanawake, maana ndiye anayewaandikia vidonge vya zinaa. Mtafiti akasema, "Wewe na mimi tutaondoka. Yeye ndiye atakayebaki nao." Alikuwa sahihi, ingawa nusu saa ya kwanza nesi alikaa kama mtu aliyeitwa barazani kujibu shitaka.

Safari hii Mtafiti hakuanza na mnyoo. Baada ya salamu, shikamoo kwa wakubwa na "mwangaluka" moja, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, iliyochekwa kwa sababu ilikuwa alasiri, alisema hivi: "Wale waliosomwa majina hawakuwa na zinaa. Walikuwa na kichocho. Kichocho hakipiti kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke, wala kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Kinapita kwenye maji. Kosa la kusoma majina ni letu." Kisha nikasimama mimi, nikasema orodha niliiandika mimi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja, ambaye mumewe ndiye yule wa visiwani, alisema tu, "Haya. Endeleeni." Nikikumbuka, ndilo neno lililofungua siku ile. Yote tuliyoyasema Jumanne, kuanzia konokono hadi mkia wa panda, tuliyarudia karibu yote chini ya mwembe, na safari hii yalisikika. Yalikuwa yale yale, ila yamekuja baada ya jibu la swali lao. Jumanne tuliwadai wasikilize somo zima huku deni letu halijalipwa.

Tulieleza hata jambo dogo lililowaudhi miezi mingi: kwa nini nilikuwa nagonga milango saa sita za jua kutaka mkojo, wakati mtu yuko jikoni. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi mnamo adhuhuri, basi kikopo cha asubuhi kinaweza kudanganya. "Kumbe!" alisema mmoja. "Sisi tulisema huyu binti hana adabu."

Wakataka kujua mnyoo wenyewe anaishije humo ndani. Mtafiti akasema dume ana mfereji mwilini, jike hukaa humo, wanakaa hivyo pamoja miaka mitatu, mitano, hata kumi, na jike hutaga kila siku. Kimya kidogo. Kisha mwenyekiti wa kikoba: "Miaka kumi kwenye mfuko wa mume! Huyo naye anahitaji kikoba." Sikumbuki nani alicheka zaidi, ila nakumbuka nesi naye alicheka, na tangu hapo akaanza kuongea.

Mwiba

Yai la kichocho cha mkojo lina ncha kali mwishoni, na vitabu vya Kiingereza huiita "spine", yaani mwiba. Mtafiti alilichora kwa kijiti mchangani: umbo kama punje ya mpunga, ncha upande mmoja. Akasema karibu nusu ya mayai hayapati njia ya kutoka, hubaki yamekwama kwenye nyama.

Bibi yule wa "tule nini" akainama akauangalia mchoro. "Kama mwiba wa sangara kooni," akasema. "Samaki umeshammaliza, mwiba umebaki."

Mtafiti alinyamaza, na alinieleza baadaye kwa nini. Kwa miaka miwili alikuwa akitafuta namna ya kueleza jambo moja tu: kwamba praziquantel, dawa ya kichocho, inaua minyoo mikubwa lakini haiyaondoi mayai yaliyokwishakwama, na vidonda vyake vinaweza kuendelea kuuma hata baada ya dawa. Watu humeza vidonge, maumivu yanabaki, wanasema dawa ni feki au mtafiti ni mwongo. Alishajaribu mfano wa mbegu na mfano wa risasi. Bibi akautoa mwiba bila kuutafuta, kwa neno lililokuwa kinywani mwake kila siku, na ni lile lile la kwenye vitabu.

Mifano mizuri, hata hivyo, huja na mizigo yake. Kila mtu pale anajua mwiba ukikwama unafanyaje: unameza tonge kubwa la ugali bila kutafuna, linausukuma. Swali likaja papo hapo, "Sasa tonge lake ni lipi?"

Hapa ndipo ningependa watafiti wenzangu wasome polepole, kwa sababu kishawishi kilikuwa kikubwa. Wanawake ishirini na kitu wamekuelewa kwa mara ya kwanza, wanakusubiri, na jibu la kuwafurahisha liko karibu. Mtafiti akasema, "Tonge la uhakika hatujalipata. Dawa inaua wanaotaga, kwa hiyo miiba mipya haiji. Ya zamani, mwili wa mtu mmoja unaisafisha taratibu, wa mwingine unaacha kovu. Ndiyo maana nawaambia dawa mapema, kabla miiba haijawa mingi." Akaongeza jambo la VVU kwa uangalifu: kwamba vidonda hivi vimehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU katika baadhi ya tafiti, zikiwemo za kanda hii, lakini tafiti zote hazijakubaliana. Nilidhani "hazijakubaliana" itawachanganya. Hawakuchanganyikiwa. Mama mmoja alisema kwa mwenzake, "Kama bei ya dagaa, Kirumba wanasema hivi, Magu wanasema vile," wakaendelea kusikiliza.

Kuhusu vidonge, hofu yao ilikuwa ya haki. Vidonge ni vikubwa na vichungu, kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, maana yake mwanamke wa kilo 60 anameza vinne vya miligramu 600 kwa mkupuo. Tumbo tupu likikutana navyo, kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo havikosi. Mkoani Morogoro mwaka 2008 watoto waligawiwa dawa hii shuleni, wengine wakaumwa tumbo, uvumi ukaenea kwamba wanapewa sumu, na wazazi wakavamia shule. Mtafiti aliwasimulia hilo waziwazi, badala ya kulificha. Kisha nesi akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "Mkija, njooni mmekula ugali." Sentensi hiyo ingekuwa yetu isingesikika vile.

Ndoo tatu

Sehemu ya kinga naipitia haraka, maana ndipo sayansi yetu ilipokuwa maskini zaidi. Ni kweli kwamba vijidudu vinavyopenya ngozi havidumu: maji yakikaa ndoo siku mbili, ya kuogea yanakuwa salama. "Nina ndoo tatu na watoto watano," alijibu mmoja, na hoja ikafa hapo. Ni kweli kwamba konokono hutoa vijidudu hivyo zaidi jua linapokuwa kali, na ndio wakati ambao wanawake hawa, wakishamaliza kuanika, huenda kufua. Hilo walilishika, kufua kunaweza kusogezwa asubuhi. Ni kweli pia kwamba konokono hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na hukwepa mwamba unaopigwa na mawimbi. Wakachora mchangani pwani yao yote, wakabishana, wakatoa kokoto kwa kila mahali penye matete. Ramani ile ilikuwa bora kuliko yetu ya satelaiti, kwa sababu ilionesha pia nani anafulia wapi na kwa nini hafulii kwa jirani.

Majaruba hayakuwa na jibu. Huwezi kupandikiza mpunga ukiwa nje ya maji, na mabuti ya mpira yananasa kwenye tope. Tulikubaliana kuhusu dawa baada ya msimu na choo karibu na mbuga, ili angalau mkojo usirudi kwenye maji ya konokono. Choo hicho hadi leo ni shimo lenye miti minne.

Karatasi ya nesi

Walichokiomba mwishoni hakikuwa kwenye mpango wetu hata kidogo. Walitaka karatasi: kitu cha kumwonesha mume. Mtafiti na nesi waliiandika pale pale chini ya mwembe, nusu ukurasa, kwa mkono. Kichocho si ugonjwa wa zinaa. Mtu hukipata kwenye maji ya malambo, majaruba na ziwa. Mwenye maumivu au damu aje zahanati, na asiambiwe ni zinaa kabla hajaulizwa anakolima na anakofulia. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya nesi. Akaenda zahanati, akarudi na mhuri.

Majibu ya vikopo tuliyarudisha wiki iliyofuata kwenye bahasha, mlango kwa mlango, kila mtu na yake, pamoja na wale waliokuwa hawana mayai, tukiwaeleza "hauna" inamaanisha nini na haimaanishi nini. Ilichukua siku nne. Bajeti ilikuwa na siku sifuri kwa kazi hiyo. Mtafiti alilipa mafuta ya gari mwenyewe, jambo ambalo silisifu, kwa sababu mradi unaoweza kununua hadubini unaweza kununua mafuta. Bahasha tatu hazikufika kwa wenyewe, wamehamia visiwani. Ninazo kabatini, zimefungwa.

Karatasi ya nesi ilipigwa picha kwa simu na jioni ile ile ikaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wavuvi. Siku ya tatu nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua, wa mvuvi mmoja kambini. Hakuuliza habari ya zinaa. Aliuliza: sisi tunaoshinda ndani ya ziwa, dawa tunaipata wapi? Shule wanapewa watoto, wanawake mmekaa nao, sisi je?

Nikampelekea Mtafiti. Dawa iliyokuwa zahanati ilitengwa kwa utafiti na ya kampeni ilikuwa ya wanafunzi, ingawa mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unataka watu wote kuanzia umri wa miaka miwili wafikiwe mahali ambapo maambukizi ya kichocho yamefika asilimia 10 au zaidi. Akaniambia nimjibu hivyo hivyo: kwamba dawa yao hatuna, na kwamba Jumatatu anakwenda kuuliza kwa mganga mkuu wa wilaya. Nikaandika. Akasoma, akakaa kitambo, kisha akajibu: "Sawa dada. Mbalamwezi tutakuwepo nchi kavu."